Nakala Iliyopewa Jina la Baba Mkwe

Sehemu ya Saba

Mliosoma wiki iliyopita mnakumbuka nilipoishia: mkono wa baba mkwe wangu ukiwa ndani ya sanduku la bati, na alichotoka nacho ni udongo.

Kwa aliyekosa gazeti nitasema kwa kifupi, maana sina nguvu za kuanza upya. Naitwa Sharifa, nimeolewa hapa Chikongola, Mtwara mjini. Mume wangu Omari ni dereva wa watu wa gesi kule Msimbati, nyumbani tunamwona mwisho wa mwezi kama mshahara. Naishi na wazazi wake. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, na tangu astaafu ana kazi moja tu. Anakusanya maneno ya Kimgao, Kiswahili cha zamani cha pwani yetu hii, ambacho siku hizi ukikisikia basi jua anayekisema ameshapita miaka themanini. Macho yake yana mtoto wa jicho, maandishi hayaoni. Yeye anatamka, mimi nachapa kwenye kompyuta. Tumefanya hivyo miaka mitano.

Nilipomaliza kuchapa daftari zake kumi na tisa, A mpaka R, nilizitia sandukuni nikalisukumia stoo. Mchwa wakazila. Mimi nililijua hilo siku kumi na moja kabla yake, na kila aliponiuliza nilimjibu, "Zipo salama, baba." Siku ya kumi na mbili akaenda stoo mwenyewe akipapasa ukuta, akatia mkono.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alinyamaza, na tangu siku hiyo akawa hasemi na mimi ila kwa kupitia kwa mkewe.

"Rehema, mwambie mkweo chai imepoa."

Na mimi nimekaa hapohapo, namsikia.

Basi. Kuanzia siku ile maneno yote ya mzee yalikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta kuukuu juu ya meza ya cherehani chumbani kwangu. Ikiungua, yameungua. Nikaapa nitaitafutia nakala, tena nakala ya kweli, nikiwa na matumaini kwamba siku moja ataniambia mimi mwenyewe kuwa chai imepoa.

Nakala niliyoitaka si ya kunakili faili moja moja. Kuna programu zinazopiga picha ya diski nzima, kila kilichomo, kama kilivyo, halafu zinaihamishia kwenye diski nyingine. Ya kwanza ikifa unachomeka ya pili, unaendelea ulipoishia. Nilimweleza mama mkwe, ambaye ni mtu wa Mpapura na hadanganyiki kirahisi.

"Picha?" akasema. "Picha gani haina sura ya ntu?"

"Ni picha ya vilivyomo ndani, mama."

"Haya. Ipige basi, nkwe wangu, huyu mzee wako ananichosha. Nimekuwa simu ya upepo humu ndani."

Programu ya kwanza niliipata kwenye sidii iliyokuja na gazeti la kompyuta kutoka Dar. Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Ina rangi ya bluu, ina kijisaa kinazunguka. Ikahesabu, ikahesabu, halafu ikaniambia niingize flopi ya kwanza kati ya flopi elfu mbili mia tisa. Mtwara nzima ukiipekua huzipati.

Ya pili niliishusha kwenye duka la intaneti, nikakaa pale tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Hiyo ilipiga picha bila shida. Nikafurahi. Nikasema ngoja nijaribu kurudisha, nione. Ikaniambia kupiga picha ni bure, kurudisha ni kwa walioinunua, na kuinunua ni kwa kadi ya benki ambayo mimi sijawahi hata kuishika. Yaani inapokea mali yako kwa tabasamu, ukiifuata inakuuliza wewe nani.

Nikachoka. Nikaenda kwa Mauricio.

Mauricio ni fundi kompyuta, ana kibanda karibu na soko. Alivuka Ruvuma mgongoni kwa mama yake wakati wa vita vya Mreno, akakulia huku. Kiswahili chake kina Kimakonde ndani na Kireno kimenyunyiziwa juu. Nilimsimulia, akacheka hadi akaweka bisibisi chini.

"Epa! Na ile picha ya pili uliiweka wapi?"

"Kwenye diski ileile. Pembeni."

"Dada Sharifa. Nyumba ikiungua, na ufunguo wa akiba uko ndani ya nyumba, umefanya nini sasa?"

"Nimeufungia ndani," nikasema.

Akanitolea sidii isiyo na maandishi. Akanionyesha programu yenyewe. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, hakuna hata pa kubofya, unakwenda kwa vishale.

"Mbaya," nikasema.

"Mbaya, lakini miaka sita haijanisaliti."

"Kwa hiyo niiamini?"

"Programu usiiamini hata siku moja. Amini siku uliyorudisha vitu vyako ukaviona kwa macho. Nakala ambayo hujairudisha bado ni maneno ya mgombea."

Akanitafutia na diski ya pili, iliyokwisha tumika lakini nzima. Akaipima, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayenunua nazi.

"Hii inatosha. Inayopokea lazima iwe kubwa kidogo kuliko inayotoa. Ikiwa ndogo inagoma."

Wasomaji, hayo maneno yashikeni. Mimi sikuyashika.

Jumamosi akaja nyumbani, tukafungua kompyuta, akanifundisha pa kuchomeka. Diski ya mzee upande huu, ngeni upande ule. Skrini ikauliza chanzo ni ipi, akachagua. Pokezi ni ipi, akachagua. Ikaja sentensi ndefu ya Kiingereza, kwamba vyote vilivyomo kwenye diski pokezi vitafutika, je, uendelee?

"Inatisha," nikasema.

"Kila mara inauliza hivyo. Soma, halafu kubali."

Saa moja na robo ikamaliza. Ikaandika kwamba imefanikiwa. Nilitamani kumbusu Mauricio, ila yeye mtu wa watu na mimi mke wa mtu.

"Sasa jina," akasema Mauricio. "Hizi zinafanana mpaka jina, maana nakala inachukua kila kitu. Lazima tuibadilishe. Tuiite Nakala. Au tuiite Mbili."

Hapo ndipo niliposikia mkongojo mlangoni. Mzee alikuwa amesimama pale, sijui tangu saa ngapi.

"Ya kwanza inaitwaje?" akauliza.

Hapa ni lazima niwaambie jambo. Mume wangu aliponunua kompyuta ile aliipa jina la baba yake, kwa heshima. Na mtoto wetu wa kwanza pia, kama ilivyo desturi, amerithi jina la babu yake. Lakini mke hatamki jina la baba mkwe wake. Mimi mwanangu mwenyewe, niliyembeba miezi tisa, sijawahi kumwita jina lake. Namwita Babu. Mama mkwe, kwa utani, anamwita "mume wangu". Kwa kalamu naweza, kalamu haina mkwe. Jina ni Shafii.

"Inaitwa Shafii, mzee," Mauricio akajibu kwa niaba yangu.

"Na hii mpya inafanana nayo?"

"Kwa kila kitu."

"Basi huyo ni mjukuu. Mjukuu anapewa jina la babu yake. Mwacheni Shafii."

"Mzee, majina yakifanana mtachanganya."

"Mimi na mjukuu wangu tuna jina moja humu ndani mwaka wa tatu. Nani ametuchanganya? Huyu Shafii mkubwa, huyu Shafii mdogo. Imekwisha hiyo." Kisha akageuza uso upande niliokuwapo, akakosea kidogo, akaangalia kabati. "Au unasemaje, mkwe?"

Wiki tano! Wiki tano mtu hajaniambia neno, na neno la kwanza ananiuliza naonaje. Ningekubali hata angesema iitwe Kinu.

"Sawa, baba," nikasema.

Mauricio alinitazama. "Haya. Basi tujaribu kurudisha, tuone kama—"

"Siku nyingine," nikamkatiza. Mzee alikuwa ameshavuta kiti. Alikuwa anataka tuanze herufi S.

Ile siku nyingine haikuja. Nakiri mbele yenu wote.

Nilimvingirishia Shafii mdogo kipande cha kanga nikamlaza kabatini chini ya mashuka. Tukaanza S. Mambo yakarudi kuwa matamu, mzee anatamka, mimi nachapa, mama mkwe anapita na kusema simu ya upepo imestaafu. Na wakati huo ndipo alipokuja Bi Hawa.

Bi Hawa alikuwa mtu wa Msimbati, mzee kuliko mzee. Alikuja mjini kutibiwa mguu, akafikia kwetu siku tatu. Baba mkwe alikaa miguuni pake kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kila alipofungua mdomo kikongwe huyo alitoka na kitu ambacho mzee hakuwahi kukisikia. Nilileta redio ya kaseti nimrekodi. Akaisukuma kwa fimbo.

"Sauti yangu sitaki ibaki inaongea huku mimi niko udongoni. Maneno andikeni. Maneno si yangu."

Nikaandika. Maneno mia moja arobaini na matatu. Kulikuwa na neno la yale maji ya mdomo wa Ruvuma ambayo ukiyaonja huwezi kusema ni ya mto wala ni ya bahari. Kulikuwa na neno la mjane ambaye bado anapika kipimo cha watu wawili. Lilikuwapo neno la mtoto anayejifanya amelala ili abebwe. Mzee aliposikia hilo alicheka mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yale yaliyofungwa na utando.

"Umeliandika, mkwe?"

"Nimeliandika, baba."

"Halitapotea?"

"Halitapotea. Tuna picha siku hizi."

Bi Hawa alirudi kwao Msimbati. Hakumaliza wiki mbili, akafariki, Mungu amrehemu.

Mzee akatoa ahadi msibani, mbele ya watoto wa marehemu. Siku ya arobaini atawapelekea maneno yote ya mama yao kwenye karatasi, na yatasomwa kwa sauti baada ya dua. Kijiji kizima kikaambiwa. Bi Hawa hakuacha shamba wala nyumba ya maana, watoto wake wakasema basi huo ndio urithi wetu.

Na mimi? Nilipaswa kupiga picha mpya ya diski siku ileile alipoondoka. Nilisema kesho. Kesho yake mwanangu Babu akashikwa na surua. Iliyofuata mama mkwe akaumwa mgongo, nikawa nachota maji mimi, napika mimi, nafua mimi. Jioni nilikuwa naitazama ile kompyuta kama unavyomtazama mgeni asiyeondoka. Siku zikaenda. Wiki saba zilipita Shafii mdogo amelala kabatini na herufi zake mpaka R, hajui kama kuna Bi Hawa duniani.

Sasa imefika Alhamisi. Arobaini ni Jumamosi. Sisi hatuna printa, kwa hiyo ilikuwa lazima niibebe kompyuta juu ya baiskeli mpaka kwenye ofisi moja kule Ligula wakanichapie. Barabara ina mashimo. Nikasema Sharifa, safari hii usifanye uzembe, kwanza piga picha mpya, ndipo uitoe nje.

Yaani nilipoharibu kila kitu nilikuwa natafuta usalama. Hilo ndilo linaloniuma.

Ilikuwa saa nane mchana. Mzee alikuwa barazani, chini ya dirisha langu, anachambua korosho kwa vidole, nzima huku, mbovu kule. Nikamtoa Shafii mdogo kwenye kanga, nikamchomeka kama nilivyofundishwa. Skrini nyeusi ikaja. Ikauliza chanzo ni ipi.

Mistari miwili. Wa juu, Shafii, gigabaiti ishirini nukta nne. Wa chini, Shafii, ishirini nukta sifuri.

Nikampigia Mauricio. Alikuwa Nanyamba kwenye msiba wa shangazi yake, mtandao wa kule unakuja na kuondoka unavyopenda wenyewe.

"Mauricio, nimefika kwenye chanzo. Kuna mbili."

"Ndiyo, lazima ziwe mbili. Ya juu imeandikwa jina gani?"

Nikatazama dirisha. Korosho zilikuwa zinadondoka kwenye ungo, moja moja.

"Jina la baba mkwe," nikasema kwa sauti ya chini.

"Na ya chini?"

"Jina la baba mkwe."

"Epa! Nilisema mimi. Nisomee tu kama ilivyoandikwa, dada. Herufi kwa herufi, na namba zake."

"Siwezi."

"Huwezi kusoma?"

"Siwezi kutaja. Mwenyewe yuko hapa dirishani ananisikia."

Akavuta pumzi. Nyuma yake nilisikia wanawake wanalia msiba.

"Haya, usitaje. Sikiliza vizuri. Mkubwa ndiye chanzo. Mkubwa anatoa, mdogo anapokea. Umenielewa?"

"Mkubwa anatoa."

"Ee. Na kabla hujabonyeza, kwanza—"

Ikakata.

Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga mara nne. Nikaitazama skrini. Ishirini nukta nne. Ishirini nukta sifuri. Wewe unayesoma hapo ulipo, niambie kwa haki ya Mungu, mkubwa ni yupi?

Nikachagua ishirini nukta nne iwe chanzo. Ishirini nukta sifuri iwe pokezi.

Ikaja ile sentensi ndefu, kwamba vyote vilivyomo kwenye diski pokezi vitafutika. Mara ya kwanza ilinitisha. Mara hii nilikuwa naijua, ilikuwa kama mtu anayekuuliza habari za asubuhi. Nikakubali.

Saa moja na robo. Nilipika mchicha, nikamwogesha Babu. Mzee alipiga kelele kutoka barazani.

"Mkwe! Inaendeleaje?"

"Inakwenda vizuri, baba!"

"Na za Bi Hawa zimo?"

"Zimo!"

Programu ikaandika kwamba imefanikiwa. Na kweli ilifanikiwa. Haikunidanganya hata kidogo, ilifanya kila nilichoiambia ifanye.

Nikawasha kompyuta, nikafungua kamusi niangalie. Nikashuka mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa R.

Nikafunga, nikafungua tena. R. Nikaenda kwenye folda ya Bi Hawa. Hakuna folda ya Bi Hawa. Nikaona labda nimefungua ya mdogo, nikaizima, nikachomoa, nikachomeka ya pili. R. Sasa kina Shafii wote wawili walikuwa wamesimama kwenye R, wananitazama.

Nikakaa sakafuni. Ndipo yale maneno ya kibandani yakanirudia, nikamwona Mauricio na ile diski mkononi, karibu na sikio. Inayopokea lazima iwe kubwa kidogo kuliko inayotoa.

Mjukuu ndiye aliyekuwa ishirini nukta nne. Mjukuu alimpita babu yake kimo. Mauricio aliposema mkubwa alikuwa anasema kama tunavyosema sote humu ndani, kama alivyosema mzee mwenyewe mlangoni siku ile, mkubwa ni aliyetangulia. Nami nililijua hilo tangu nazaliwa. Ila siku hiyo nilisoma namba, nikamwambia mdogo amfute mkubwa.

Nilijaribu kuyakumbuka. Nilishika kalamu na karatasi nikasema hata kumi, Mungu wangu, nipe hata kumi. Maana zote nilikuwa nazo. Maji ya mdomo wa Ruvuma. Mjane na sufuria yake. Mtoto anayejifanya amelala. Maneno yenyewe hayakuja hata moja. Yalipita sikioni yakatokea vidoleni, kichwani hayakupumzika. Na S hadi Z mzee angeweza kuzirudia, kwa taabu, maana ni za kwake. Za Bi Hawa alizisikia mara moja, akaniachia mimi nimtunzie.

Simu ikaita. Mauricio.

"Dada, mtandao ulikata. Nilikuwa nataka kukwambia, kabla hujabonyeza, kwanza tazama ndani ya—"

"Nimeshabonyeza."

Nikamweleza. Sikulia, nilikuwa nimechoka kuliko kulia.

"Umeandika kitu chochote humo baada ya hapo?"

"Sijaandika."

"Zima. Chomoa waya kabisa ukutani. Usiwashe tena, hata kuangalia tu usiangalie. Nakuja kesho asubuhi na gari la kwanza."

"Zitarudi?"

"Siwezi kukuahidi. Ila kuna kitu nilikifanya pale kwenu siku ile, sikukwambia kwa sababu ungenigombeza. Usimwambie mtu mpaka nifike. Umesikia? Hata mzee usimwa—"

Ikakata. Nikapiga mpaka salio likaisha.

Kitu gani? Alikifanya lini? Nilikuwa nayageuza hayo kichwani pale niliposikia swala ya alasiri imekwisha na mkongojo unarudi kutoka msikitini. Ukapita barazani. Ukaingia ndani. Ukasimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mashallah." Akakaa kwenye kile kiti chake, akapangusa uso kwa kofia. Alikuwa na furaha, mtu yeyote angeiona. "Nimekutana na mtoto wa Bi Hawa msikitini, yule Saidi. Amekuja kununua mchele wa Jumamosi. Anasema watu wanatoka mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Sasa nisomee lile la mtoto anayejifanya amelala. Nataka tuanze na hilo, wacheke kwanza. Tangu jana nalitafuta mdomoni, limenipotea."

Kompyuta ilikuwa imezimwa, waya uko sakafuni. Yeye hauoni.

Uongo nilikuwa nao tayari. Umeme umekatika, baba. Mashine imepata moto, baba, iache ipumue mpaka kesho. Kesho asubuhi Mauricio anakuja na hicho kitu chake. Kumi na mbili jioni mpaka kumi na mbili asubuhi, usiku mmoja tu, na huenda mzee asijue maisha. Nilifungua mdomo niuseme.

Nikaona ule mkono wake umelala juu ya goti. Mkono uleule ulioingia sandukuni.

"Baba," nikasema, "zile daftari nilikuficha siku kumi na moja."

Uso wake ukabadilika. "Hayo yamekwisha."

"Leo sitaki kukuficha hata saa moja."

Mama mkwe alikuwa amefika mlangoni na beseni la nguo. Akasimama.

"Nilimpigia Mauricio, akaniuliza majina, nikashindwa kuyataja kwa sababu ulikuwa dirishani. Akaniambia kwa kuzungukazunguka. Nikakosea. Nimefuta, baba."

"Umefuta nini?"

Miaka sita nimekaa nyumba ile. Miaka sita nimemwita baba, nimemwita mzee, nimemwita mwalimu mbele za wageni, na mwanangu nimemwita Babu ili tu ulimi wangu usipite pale. Sasa hakukuwa na njia nyingine ya kupita.

"Nimemfuta Shafii," nikasema.

Beseni likaanguka. Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga, sijui kwa sababu ya kufuta au kwa sababu ya jina.

Mzee hakushtuka. Alinyoosha mkono mezani, akapapasa mpaka akaipata kompyuta, akaigusa, akaikuta baridi. Akafuata waya kwa vidole mpaka ulipoishia sakafuni. Kule uani mwanangu alikuwa amesikia jina lake likitoka kinywani mwa mama yake kwa mara ya kwanza, na alikuwa anakuja mbio, anaitika, "Naaam!"

"Yupi?" akauliza baba mkwe.

Itaendelea wiki ijayo.